Mkate wa Baba Kutoka kwa Wajapani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Dada Mize anakuja! Viza imetoka, anafika Ijumaa. Nimefurahi sana. Nimekwisha.

Niandike sababu nikiwa bado na akili. Marehemu baba yetu alikuwa mwokaji mikate Wete. Alipofariki sikuweza kwenda kumzika, makaratasi yangu ya hapa yalikuwa hayajakamilika. Dada alilia kwenye simu bila kunyamaza. Basi nikasema nimeoka boflo, ule mkate wa baba, kwa mkono wangu na kuligawa kwa ajili ya roho yake. Akatulia. Huo si uongo, ni dawa. Ila dawa yenyewe nimeendelea kuitoa kila Idi, miaka na miaka. Sasa Wete nzima inajua kwamba kazi ya baba iko mikononi mwangu mimi Shaame, huku London.

Jana kaniambia hana haja na saa kubwa wala daraja. Anakuja kula mkate wa baba, mara moja, kabla hajafumba macho.

Sijawahi kuoka kitu maishani. Ndani ya oveni ninahifadhi masufuria.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetoa masufuria. Nimenunua unga, hamira na tui la kopo. Itakuwaje nishindwe? Damu ni ile ile!

Jioni. Kimetoka kitu. Nimekitupa bustanini ndege wakile. Ndege wamekitazama, wakaondoka.

Jirani yangu Telesphor kachungulia juu ya uzio kuuliza kama aite zimamoto. Huyu ni mtu wa Moshi, dereva wa basi mstaafu, huoka keki ya ndizi na kuileta kila shughuli bila kuombwa. Hajawahi kuniamini hata siku moja. Nikamwambia nilikuwa nachoma majani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mungu si Athumani!

Nilikuwa natembea Queensbury bila matumaini, natafuta duka la kununua hata mkate wa kudanganyia. Harufu ikanishika kola. Unga, maziwa, sukari kidogo, moto. Nikasimama katikati ya njia na nikawa mtoto wa miaka sita, nimelala kwenye mkeka, baba yuko uani na moshi wake. Kwa kweli machozi yalinitoka. Bibi mmoja na kitoroli chake akanizunguka.

Ni duka dogo jipya la mikate ya Kijapani. Bei ya watu kama sisi. Mikate imepangwa wazi. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu: ukitaka kujua mkate ni wa leo, unaubinya. Ukirudi juu, ni wa leo. Nikabinya mmoja, nikabinya wa pili, nikasema kwa sauti, "Ya Rabi, ulaini huu!" Nikawa nabinya tu.

Nyuma yangu sauti ya kike ikaniambia kwa Kiswahili: "Papa, hapa hawashikake mukate na mukono. Ile yote ulifinya, ni ya kwako sasa."

Kumbe desturi yao unachukua sinia na koleo, unabeba kwa koleo kama makaa. Huyo binti ni Armelle, Mkongomani wa Bukavu, anatoka Tottenham kila siku kuja kuuza hapo. Nikanunua vyote nilivyobinya. Andazi moja lilikuwa na maharage ya sukari ndani yake! Sisi tumeyaweka kando ya andazi tangu enzi za mababu, hakuna aliyewaza kuyatia ndani.

Lakini ule mkate mweupe wa maziwa! Nimeula nimesimama kituo cha basi. Ni wenyewe. Ni wa baba mtupu. Nikarudi nikamsimulia Armelle habari zote za baba, akaguswa, akasema kila siku ataniwekea mmoja kando.

Mpango umekamilika. Dada hajui Kiingereza, wala hana habari za Wajapani. Siri haina pa kutokea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kafika. Kapungua, dada yangu. Kanishika uso kwa mikono miwili pale uwanja wa ndege, akasema nimekuwa mzee. Nikamwambia ni taa za pale.

Nyumbani nikamkalisha sebuleni nikafunga mlango wa jiko. Nikawasha oveni tupu. Nikagongagonga bakuli. Nikajipaka unga mikononi na kidogo kwenye paji la uso. Baada ya muda wa kutosha nikatoa mkate kwenye mfuko, nikaupasha moto, nikatoka nao kwenye sinia.

Akanitazama kwanza mimi, kisha mkate. Akaumega, akala. Akaanza kulia. Na mimi nikalia. Furaha iliyoje! Nilikuwa na haki ya kulia, nimehangaika.

Jumapili, 12 Oktoba

Kila asubuhi namwambia nakwenda kutafuta hamira. Narudi na mkate ndani ya koti. Jana ulinichoma kifuani.

Leo Telesphor kaja kumwamkia dada, na keki ya ndizi mkononi, nani kamwomba? Akaonja mkate wangu. Akaugeuza, akautazama pembe zake nne zilizonyooka. Akauliza bati la kuokea nimelipata wapi. Nikasema ni la siri. Akasema kesho kutwa ampeleke dada kuona maduka. Nikasema dada ana miguu mibovu. Dada akasema miguu yake, alhamdulillahi, haijawahi kuwa mizima kama sasa.

Jumanne, 14 Oktoba

Yamenifika.

Niliwaambia waende Kingsbury kutazama vitambaa. Wakaondoka. Mimi mbio dukani kuchukua mkate. Nafungua mlango, nawakuta! Dada ameshika sinia, Telesphor, kumbe pembe zile nne alizitambua, ameshika koleo, uso wake umeng'aa kama amekabidhiwa kombe.

Kabla sijageuka, Armelle, ambaye huimba kwaya na ana kifua cha kwaya, akaita duka zima lisikie: "Papa Shaame! Mukate ya baba yako nilishakuwekea!"

Kiswahili! Nimepanga kila kitu dhidi ya Kiingereza!

Dada akanigeukia. Nikasema la kwanza lililonijia: kwamba hawa Wajapani nimewafundisha mimi. Dada akamuuliza Armelle kama ni kweli. Armelle ni mlokole. Akasema Papa hata koleo hajui kushika.

Dada akaweka sinia chini, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akajifunika uso na kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemuua dada yangu ugenini. Telesphor naye akaacha kutabasamu, nikaona hakutaka yafike huko.

Kumbe anacheka! Kacheka mpaka Armelle kamletea maji. Kisha akaniambia.

Tanuri la baba liliporomoka na mvua ya masika nikiwa bado nanyonya. Hakulijenga tena. Kila alfajiri alimtoa dada kwa mlango wa nyuma na kikapu, akafuate mikate kwa Mshihiri mmoja, mwokaji Mwarabu wa Limbani. Yeye huku akichoma makumbi ya nazi kwenye kifusi cha tanuri ili majirani waone moshi. Akijipaka unga mikononi na kwenye paji la uso. Kisha akifungua mlango wa mbele na kuuza. Dada aliapishwa asiseme, na hakusema.

Moshi ule! Maisha yangu yote nimeulilia, nami nilikuwa naulilia moshi wa makumbi matupu.

Nikamuuliza, sasa kama alijua, Ijumaa alilia nini? Akasema hakulia kwa sababu ya mkate. Alilia aliponiona natoka jikoni na unga usoni. Na amesafiri mbali kote huku kwa sababu moja: alitumaini walau mmoja wetu amekuja kujua kuoka.

Tukala andazi la maharage, sote wanne, Armelle kasimama. Dada alibinya mikate mitatu kabla hatujamuwahi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Dada kaondoka. Nyumba imepwaya. Kanga yake moja kaisahau mlangoni, au kaiacha kusudi. Nimeikunja, nimeikunjua, nimeitundika tena.

Uwanjani kaniuliza nitakwenda lini Wete. Nikamjibu mwakani, inshallah. Hakucheka. Akasema baba naye alisema hivyo hivyo kuhusu tanuri, kila mwaka, mpaka tukamzika. Kisha akanibusu akaingia ndani, na sikumwona tena.

Maneno yale nimeyarudia njia nzima ya treni. Ni kweli tupu. Mtu hawezi kuishi kwa moshi. Nimeapa: kesho natafuta tiketi, na jioni hii hii naanza kujifunza kuoka, kwa haki, hatua kwa hatua.

Nilikuwa nimeshachekecha unga kengele ikalia. Kalpana, jirani wa upande wa pili, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Mwanza. Kaja kurudisha sahani niliyompelekea mkate wiki jana. Kasema kwa Kiswahili kizuri cha Kanda ya Ziwa kwamba tangu aondoke Mwanza akiwa msichana hajala kitu kama kile, na ni nani kaoka?

Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Ningemjibu nini?

Nimekubali oda ya mkate wa watu sitini, sherehe ya Diwali ya ukumbini kwao, iliyosogezwa hadi Jumamosi. Tiketi nitatafuta baada ya hapo.