Ombi la Somo la Uvivu Chekechea

Kwa Mwalimu wetu mpendwa wa chekechea,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia nikiwa nimekalia mfuko wa saruji, kwa kuwa viti vyote vya nyumbani vina rangi mbichi, na sikuvipaka mimi.

Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Watoto wangu wawili, binti wa miaka mitano tunayemwita Bosi na mdogo wake wa miaka mitatu, Chapchap, wanakupenda kuliko wanavyonipenda mimi. Shida yangu ni lile somo lako la Kuwasaidia Wazazi, na zile nyota za karatasi unazowabandika kwenye paji la uso kila wakisaidia. Mimi natengeneza chumba cha wageni kwa mikono yangu. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Alipotaka kutuletea fundi wake, nilijipiga kifua mbele ya ukoo mzima: fundi wa nini na mimi nipo? Chumba kisipokamilika, nitachekwa hadi uzeeni. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, nalalamika:

1. Nilipomaliza kusawazisha sakafu, Chapchap aliingia kupima kama saruji imekauka. Haikuwa imekauka. Alirudi kupima tena, safari hii na baiskeli.

2. Misumari haionekani. Bosi aliikuta imechanganyika na skrubu, akaitenga vizuri, akaiweka mahali salama, na mahali penyewe amepasahau. Kwa hilo ulimpa nyota mbili. Ungeniuliza kwanza, Mwalimu.

3. Brashi zangu zimefuliwa, zimeanikwa, kisha zimepakwa mafuta ya nywele na kusukwa. Nakiri zilipendeza.

4. Nilipopanda darini kurekebisha waya, waliondoa ngazi ili wafagie chini yake. Walifagia vizuri kweli. Shemeji yangu, mwana wa mama mkwe mwenyewe, alikuwepo, lakini alikuwa amelala kwenye kochi. Nilikaa huko juu hadi mke wangu aliporudi kutoka kazini, na hakunishusha kabla hajamaliza kucheka.

Basi naomba somo hilo lisimamishwe na mahali pake pawekwe somo la Uvivu. Wafundishwe kujinyoosha, kupiga miayo na kujibu kwamba watafanya baadaye. Nyota apewe atakayekoroma. Mwalimu wa somo hilo usihangaike kumtafuta: shemeji niliyemtaja yuko tayari, ana uzoefu wa miaka mingi na hatadai mshahara, mradi kuwe na mkeka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawa wakikomaa na bidii hii, leo ni sakafu yangu, kesho ni ukuta wa jirani, na wakishakuwa watu wazima watausaidia mji mzima mpaka usibaki hata msumari. Siku hiyo watu watauliza ni nani aliyewafundisha, na mimi, Mwalimu, sitaweza kusema uongo.

Wasalimie walimu wenzako wote, mlinzi wa getini, mama wa jikoni, na yule dada mwenye kengele ambaye watoto humwiga alfajiri.

Ni mimi mzazi wako mtiifu, mwenye gundi kwenye nyusi,

Baba Bosi

Tanbihi: Sijaifunga bahasha, mama mkwe huyu hapa, kaja siku mbili kabla! Na kumbe muda wote nilioketi kulalamika, watoto walikuwa chumbani wanapaka ukuta. Mama amekagua. Kule juu, nilikopaka mimi jana kwa rangi niliyoizidisha maji ili itoshe, ameguna tu. Huku chini, hadi mkono wa Bosi unapoishia, rangi imekolea bila doa, maana wao hupaka palepale mpaka wachoke, nao hawachoki. Ameniuliza fundi wa huku chini nimempata wapi. Nimewaita. Amewapa mkono mmoja mmoja, kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata tangu nioe, kisha amempigia simu fundi wake, ambaye kumbe bado alikuwa amemweka tayari, kumwambia asijisumbue. Mwalimu, nimefurahi hadi machozi yamenilenga. Somo lako usiliguse. Naomba tu uwape ruhusa ya wiki moja, kwani kesho wanaanza sebule. Mimi nimepangiwa kushika ndoo.