Katuni ya Watoto Hiyo!

Redio, dobi mstaafu asiyepitwa na habari, alikuwa amekaa kwenye benchi mguu mmoja peku akisubiri kiatu chake kishonwe, gazeti limemfunika uso.

"Jamani, watu wamechanganyikiwa! Katuni ya mtoto na kiumbe wa sayari nyingine imejaza ukumbi wiki ya tatu. Leo saa kumi ndiyo onyesho la mwisho."

Fundi Viatu akainama, akajifanya anatafuta sindano, na sindano anayo mkononi. Nyumbani binti yake wa miaka sita alikuwa ameshavaa gauni tangu asubuhi. Fundi alimwahidi kumpeleka Jumamosi mbili, na zote mbili akazusha udhuru, kwa kuogopa kuchekwa na hawahawa wanaokalia benchi lake.

"Mtu mzima na ndevu zake akatazame katuni?" Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, alicheka akishika mbavu. "Mimi hata mnifunge kamba, siendi!"

"Na urafiki gani ule?" Redio akadakia. "Kiumbe ana macho matatu, mtoto anamkaribisha chumbani bila hata kumuuliza kwao wapi!"

"Manne," alisema Wembe.

"Manne nini?"

"Macho. La nne liko kisogoni, ndiyo maana alimwona baba mtu akiingia."

Fundi akainua kichwa. "Wewe umejuaje?"

"Si wateja wanasimulia! Kwani kinyozi hana masikio?"

"Basi wamekudanganya," Redio akawaka. "Baba hakuingia, alichungulia dirishani. Na fagio mkononi!"

"Fagio la bibi, mzee! Baba alishika kandambili!"

"Bibi alikuwa amelala! Kwani hukuona yule kiumbe anavyomfunika shuka, taratibu, asije akaamka..." Redio akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Vumbi la hapa, jamani."

Fundi aliwatazama wote wawili, na aibu ikamshika kwelikweli. Jumamosi mbili mwanawe amelia, kumbe aliokuwa akiwaogopa walishamtangulia ukumbini. Akatupa nyundo kwenye sanduku, akafunga.

"Na kiatu changu?" Redio akamaka.

"Kesho. Binti yangu ananingoja."

Hakuwa amefika hata kwenye kona, Wembe akapaza sauti: "Fundi! Beba leso mbili! Pale chombo kinapoondoka, yule mtoto ana—"

"Funga domo!" Redio alivua kiatu kilichobaki, akamrushia. "Mwache akaone mwenyewe!"