Mitungi Chini ya Paa la Mzee Thuo

Jumatatu, 7 Oktoba

Kwa hivyo, kama nilivyokuwa nasema, mtu akiwa na Adhis hahitaji jumba. Chumba chetu hapa langoni kina kitanda, jiko la gesi na pazia la rangi ya waridi alilolishona mwenyewe wiki ya harusi. Mke wangu! Naandika tena kwa sababu mkono unafurahi. Mke wangu.

Ila chumba si chetu. Kinakuja na kazi, na kazi ni kusimamia yadi ya Mzee Thuo, hapa Gatina, ambako pikipiki na mikokoteni hulala. Leo Mzee amesimama katikati akauliza kama hii ni yadi ama uwanja wa mpira. Kweli, ni patupu. Jua likiwaka, watu wa boda wanalaza pikipiki popote, bure. Mvua ikianza, wote wanakuja siku moja kupigania ile nusu yenye paa, na wengine nawafukuza kama kuku. Mzee amesema Jumatano ya wiki ijayo akute pamejaa. La sivyo, yadi anampa mpwa wake Githinji aoshee magari. Na chumba pia.

Githinji alikuwa nyuma yake, akipima pazia letu kwa macho. Akauliza kama hiyo rangi hutoka ikifuliwa. Mshenzi!

Nimemwambia Adhis asijali, mume yupo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekaa juu ya mkokoteni nikafikiria ziwa. Kwetu omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, samaki hawaijali taa, na boti zote hupandishwa ufuoni kwa pamoja, mtu akakosa pa kuvuta yake. Mwezi ukiisha, ufuo unabakia na mbwa tu. Nikiwa mdogo nilidhani ufuo ndio unaopanuka na kupungua. Kumbe nafasi ni ileile. Ni watu wanaohitaji kitu kimoja wakati mmoja, halafu hawakihitaji tena.

Labda mapenzi pia ni hivyo. Miaka mingi hakuna aliyenitaka, halafu ghafla wote... Hapana. Ni Adhis peke yake aliyenitaka. Mfano umeharibika. Lakini nimefurahi.

Yeye amesema jambo ni rahisi: atakayelaza pikipiki hapa wakati wa jua, ndiye awe wa kwanza chini ya paa mvua ikija. Nimembusu kwenye paji la uso. Wazo tamu, kama mwenyewe. Lakini biashara ni kitu kingine.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Nilienda Gatwekera kumsalimia Oluoch, kaka yake Adhis. Pale kwenye bomba la maji, mitungi ya plastiki imepangwa safu ndefu, wenyewe hawapo. Mmoja yuko kazini, mwingine anasuka nywele. Mtungi unasimama kwa niaba yake, na hakuna anayeugusa. Heshima gani hiyo! Hata chifu haipati.

Basi nimetangaza: anayetaka paa msimu huu wa mvua, alete mtungi wake sasa, auweke pale pikipiki yake itakapolala. Waithaka, yule wa boda mwenye mdomo, akauliza kama pikipiki nayo lazima ije. Nikamwambia mtungi unatosha. Akasema bro, hapo umecheza kama wewe. Akaleta mitatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Pamejaa! Chini ya paa hakuna pa kuweka mguu. Ya manjano, ya buluu, mmoja hauna kifuniko.

Adhis amezunguka polepole, akaniuliza ipi kati ya hizi ni pikipiki. Hakuwa anacheka. Nikamweleza kwamba watalipa wakianza kulala. Akakunja uso. Hata mkunjo huo naupenda. Ni mdogo, hapa katikati ya nyusi.

Jumanne, 15 Oktoba

Balaa!

Mabomba ya mtaa yamekauka tangu Jumapili. Asubuhi Shiru, mama mboga wa ng'ambo ya barabara, alichungulia langoni akaona mitungi imepangwa. Hakuuliza. Mtu akiona mitungi kwenye laini haulizi, anakimbia kuchukua wake. Kabla chai yangu haijapoa, foleni ilikuwa imetoka langoni, imepita kanisa, imefika buchari ya nyama.

Nikapaza sauti kwamba hapa hakuna maji. Mama mmoja akaniambia hivyo ndivyo husema watu walioyaficha. Mwingine akaniita kijana wa matajiri. Waithaka alikuja kutazama mitungi yake mitatu, wakamwambia hakuna mtu wa mitatu hapa, arudi nyuma. Akarudi nyuma! Na anajua vizuri hakuna maji.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee Thuo ameshindwa kuingia kwenye yadi yake mwenyewe. Aliambiwa asipenye, aanze mwisho kama wengine, mvi si tiketi. Githinji alicheka mpaka akashika ukuta.

Alipofika hatimaye, Mzee alitafuta pikipiki kwa macho. Hakupata hata moja. Akasema, bila hasira, na hilo ndilo liliniuma, kwamba tufungashe. Nikaangalia pazia.

Adhis ndiye aliyetoka. Alimshika Shiru mkono, akamzungusha yadi yote, ukuta kwa ukuta: hakuna bomba, hakuna hata mfereji. Akawaambia akina mama pole, mume wangu alikosea. Wakaondoka wakininung'unikia mimi tu. Kisha akamwambia Mzee lile wazo lake la jua na paa, akaomba mpaka Ijumaa. Mzee akatazama mawingu. Akakubali.

Mchana kutwa Adhis amezunguka kwa miguu steji za boda, wanakosubiri abiria. Nilibaki nikirudisha mitungi. Nilifikiria mambo mengi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jua kali, na yadi imejaa pikipiki! Kila mtu anataka awe ameshalala hapa mvua isije ikamkuta nje. Hata Waithaka. Mzee amempa Adhis funguo, mkononi mwake, si mwangu. Chumba ni chetu. Githinji amebeba ndoo zake za kuoshea magari akaenda. Mimi kazi yangu ni kufungua lango na kulifunga. Nalifungua vizuri sana.

Na nimetafakari. Wazo langu lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa mtungi. Mtungi unafikirisha watu maji! Disemba wengi wataenda ushago, kwao kijijini, na nafasi zitabaki wazi, Januari watazigombania. Kinachohitajika ni kitu cha kushika nafasi kisichofikirisha mtu chochote. Viti! Viti vyeupe vya plastiki, safu safu pale uani, na hema juu visichafuke. Nani atapita aone viti chini ya hema akose kuelewa?

Adhis sijamwambia. Iwe zawadi. Nimempigia Becky, anayekodisha viti na mahema kule Ayany. Mama mpole ajabu. Akauliza tunataka vya siku ngapi, kisha akashusha sauti akaniambia pole sana, Mungu awatie nguvu. Sijui pole ya nini, lakini nilishukuru. Nimemwahidi kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitafika kwake Ayany, mimi mwenyewe, nichague vilivyo vyeupe zaidi.