Chasisi ya Bi Hingley

Jumapili ile katika bustani ya Wolverhampton, Royston Purslow aliiona namba kwanza, gari akaliona baadaye. Herufi J na W, kisha tarakimu mbili tu. Namba fupi kama ile, kwa Waingereza, ina thamani kubwa kuliko gari lililoibeba, na Royston alimjua daktari wa meno aitwaye Julian Wardle aliyekuwa tayari kutoa pauni elfu arobaini apite mjini na herufi za jina lake mbele ya bampa. Mtu mzima, ana digrii mbili.

Namba hiyo ilikuwa kwenye gari aina ya Star la mwaka 1931, lililoundwa mjini humohumo. Kando yake, kwenye kiti cha kukunja, mjane aitwaye Edna Hingley alikuwa akifuma soksi.

Royston alivaa koti lake jeupe. Mtaji wake ulikuwa koti hilo, tochi, sumaku na uso wa msibani, na kwa miaka mitatu ulimlisha bila kutoka jasho. Kila Jumapili wenye magari ya zamani walipoyapanga kwenye nyasi, yeye hupita akiomba kuchungulia uvunguni. Huingia, hugongagonga. Akitoka hasemi neno, hupangusa mikono taratibu tu, na mwenye gari huanza kufa palepale.

"Sikufichi, mama," alimwambia Bi Hingley alipotoka uvunguni. "Chasisi imekatwa, ikachomelewa upya."

"Na nani?"

"Hilo Mungu anajua. Mumeo alikuwa na mashine ya kuchomelea?"

"Alikuwa nayo."

"Basi." Royston alishusha pumzi. "Sheria unaijua?"

Hapo ndipo alipowanasa wote. Nusu ya sheria kila mmoja aliijua, na nusu ya sheria ni hatari kuliko kutojua kitu. Gari la kale likikatwa chasisi, ile fremu inayolibeba, serikali huweza kulinyang'anya namba yake ya asili na kulipatia namba inayoanza na Q, kama mtoto asiyejulikana baba, na haliingii barabarani mpaka lipimwe upya kama lililoundwa jana. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa chasisi peke yake. Lakini nani, akiwa na goti la miaka sabini na tano, atajipenyeza uvunguni kuhakikisha? Wazee wanne walikuwa wameshamuuzia magari yao kwa bei ya baiskeli, na wakamshukuru. Si kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa waoga, na mwoga mwenye mali ni shamba lisilo na uzio.

"Nitalichukua mimi nikuondolee usumbufu," alisema Royston. "Elfu sita, na shida zote zangu."

Bi Hingley aliweka soksi pajani. "Niandikie, kijana wangu."

"Nikuandikie nini?"

"Hayo ya chasisi. Marehemu mume wangu aliniambia nisiamini neno la fundi lisilo na sahihi."

Royston alifurahi. Fomu alikuwa nazo, zenye nembo ya taji aliyoichora mwenyewe. Akaandika kurasa mbili za kutisha: chasisi imekatwa sehemu tatu, gari halifai barabara, thamani yake ni ya chuma chakavu. Akatia sahihi na jina kamili, na chini yake cheo, Mkaguzi Mkuu. Mkuu wa nani, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Tarehe pia," alisema bibi.

Akaweka tarehe.

Elfu sita hakuwa nazo. Aliuza gari lake la kazi, akakomba akiba yote benki, na Jumatano akakodi gari la kulivuta Star hadi kwake. Usiku huo alilala kama mtu mwenye elfu arobaini.

Baada ya wiki mbili alipata barua kutoka ofisi ya usajili wa magari. Kwa kuzingatia ripoti ya ukaguzi iliyowasilishwa na mmiliki wa awali, namba ya asili imefutwa. Gari lisiendeshwe. Mkaguzi aliyetia sahihi anaombwa kuleta vyeti vyake vya taaluma.

Royston aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akapanda basi mpaka kwa Bi Hingley.

"Umeipeleka ripoti?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Siku ileile, kwa barua ya rejista. Sheria inataka mabadiliko yaripotiwe. Si ulinifundisha wewe? Karibu chai."

"Mama, umeniua. Daktari amekataa kulinunua. Wardle, wa Tettenhall, alishakubali elfu arobaini, sasa hapokei hata simu yangu."

"Wardle yule wa meno?"

"Huyohuyo."

"Maskini," alisema Bi Hingley, akammiminia maziwa. "Sasa si uwaandikie kwamba chasisi ni nzima?"

Royston alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Aa, naelewa. Watauliza ile ya kwanza uliandika ya nini. Ama gari limekatwa, ama wewe ni mwongo, na mwongo aliyenunua gari kwa uongo wake wana mahali pa kumweka." Alimsogezea biskuti. "Unatoka jasho, kijana wangu. Nirudishie gari, uandike umeliuza, usiwe na jambo na ofisi tena."

"Kwa elfu sita?"

"Tufuate ripoti. Imesema chuma chakavu. Nimempigia mnunuzi wa chakavu, anasema pauni tisini."

"Tisini? Unaniibia mchana kweupe, mama."

"Bisha na Mkaguzi Mkuu."

Akachukua tisini. Mwenye akili angehama mji wiki hiyo, lakini tapeli aliyefilisika ni kama nzi wa buchani, hajui pengine pa kwenda. Mwezi wa Agosti alirudi bustanini na koti lake, akitafuta mzee mwingine.

Star lilikuwa katikati ya uwanja, limebeba namba yake ya J na W. Nyuma ya usukani alikuwa Daktari Wardle, kachanua kwa furaha kama mtoto aliyepewa gari la bati. Bi Hingley alikuwa kando yake na mkoba mpya. Mhandisi wa chama cha magari ya kale alikuwa amelipima, akakuta chasisi haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, na ofisi ikairudisha namba.

Royston aligeuka polepole, kama aliyesahau kitu nyumbani.

"Bwana Purslow," aliita Bi Hingley kwa sauti ya kanisani. "Usituache. Nilikuwa nawasimulia hawa kuhusu utaalamu wako."

Hawa walikuwa wale wazee wanne waliomuuzia magari. Mmoja alishika mkongojo, mwingine hendeli ya chuma ya kuwashia injini. Hakuna aliyekimbia, magoti yao hayakuruhusu. Walimjia taratibu, wamejipanga, na geti la bustani lilikuwa moja tu, nyuma yao.