Laki Sita Zinasafiri Muyinga

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Darasa la biashara la jioni. Mwalimu kasema benki, kabla ya kukopesha, hutazama pesa zinavyoingia na kutoka kwenye akaunti. Mengine sikuyasikia, nilishapata mpango. Nataka mkopo wa faranga milioni tatu, nifungue duka la pili la vitenge hapa Gitega. Nina laki sita: mbili zangu, nne akiba ya mke wangu Layla, jasho la cherehani yake. Sijamwambia. Nitaziweka benki Gitega, nizitoe tawi la mji wa Muyinga ambako hawanijui, nirudi nazo, niziweke tena. Akaunti itasomeka kama ya tajiri.

Jumatano, 10 Septemba
Muyinga. Gari limekufa njiani, tumekaa juani muda wa saa tatu. Nauli, chakula na makato ya benki: elfu hamsini na tano. Gharama ndogondogo.

Jumatatu, 15 Septemba
Safari ya pili. Duka limefungwa tena. Jirani yangu wa duka, Venansi, muuza maharage aliyekulia Tanzania, katundika vitenge juu ya magunia yake. Nilimuuliza maana yake nini. “Wateja wako walikuwa wanauliza, ndugu yangu. Nikaona aibu kuwarudisha.” Aibu gani hiyo.

Ijumaa, 19 Septemba
Safari nne zimetimia. Nimevaa koti. Madamu Efrazia wa mikopo kaisoma karatasi ya akaunti mara mbili.
“Bwana Uthmani, hii ni pesa ile ile. Kila ikirudi imepungua. Ilianza laki sita, leo iko laki tatu na elfu themanini. Mauzo iko wapi?”
Nikamweleza kwamba pesa kuzunguka ndiyo biashara yenyewe. Akasema mtaji ukizungushwa haugeuki mauzo, unachakaa tu. Akaomba daftari la duka. Nikasema liko nyumbani. Haliko popote.
Nyuma yangu alikuwa amekaa Venansi, daftari lake la maharage mapajani, kila kilo imeandikwa. Yeye kakubaliwa mkopo.

Jumamosi, 20 Septemba
Fundi wa Gishubi kaleta cherehani ya pili. Layla aliiagiza tangu mwezi jana, mimi sikujua.
“Baba Zawadi, pesa yangu iko wapi?” Layla akaniuliza.
Nikasema iko benki. Akauliza ngapi. Nilipotaja, akakaa chini. Hazikufika bei ya cherehani. Fundi akaifunga cherehani kwenye baiskeli, akaondoka nayo. Layla alitazama mpaka akapotea, kisha akaninyooshea mkono. Nikampa ufunguo wa duka.

Jumatatu, 22 Septemba
Layla kauza vitenge vitano kabla ya adhuhuri, kila kimoja kaandika. Mimi niko nyumbani na daftari jipya alilonipa, niandike kinachoingia na kinachotoka, ukweli mtupu. Nimeanza vizuri. Upande wa mapato: mkopo, milioni tatu. Benki ya hapa imekataa, lakini mji wa Ngozi iko nyingine. Upande wa matumizi: nauli ya Ngozi.