Malalamiko Dhidi ya Kura 412 Alizopigiwa Mama Mkwe Wangu

Ndugu Katibu wa Kamati ya Tuzo za Muziki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wale wanakamati sita wa kusikiliza, ambao afya ya masikio yao inanitia wasiwasi.

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikizibua masinki ya watu mchana na kutunga nyimbo jioni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nilijaza fomu yenu, nikatuma rekodi, na rekodi hiyo imeingia fainali. Nakuandikia kulalamika.

Naomba uvumilivu wako kidogo, kwani jambo lenyewe lina maelezo. Siku ya mwisho ya kupokea rekodi nilijifungia chumbani, nikatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, nikauimba wimbo wangu uitwao "Dirisha la Tatu" mara tisa kwenye simu. Ni wimbo wa mapenzi. Niliutunga zamani, nilipokuwa natengeneza mabomba ya nyumba moja, nikamwona binti anashona kwenye dirisha la tatu kutoka kona. Binti huyo ndiye mke wangu leo. Nilipomaliza kuimba, nilipeleka simu jikoni kuichaji, na kidole kikakibonyeza tena kinasa sauti bila mimi kujua. Jikoni alikuwepo mama mkwe, anaosha masufuria.

Mama mkwe alikuja kwetu kwa wiki mbili, kumsaidia mwanawe aliyejifungua. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la nne.

Saa kumi na nusu mteja akanipigia kwamba choo chake kimefurika mpaka sebuleni. Ninyi mlikuwa mnafunga mapokezi saa kumi na moja. Nikachagua rekodi iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha, nikaituma, nikabeba mkoba wangu wa kazi nikakimbia. Sikuisikiliza. Nilikwisha kujisikiliza mara tisa siku ile, na hata mimi nina kiasi.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, rekodi namba 0317 mnayoipigia kura si mimi. Ni mama mkwe, anaimba juu ya bomba la jikoni kwangu, ambalo linavuja. Niliitambua dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, mtangazaji akiwa ameitaja namba 0317, wateja wakitingisha vichwa. Nilisikia nusu dakika tu, nikatoka na kuviacha viungo vyangu vya bomba juu ya kaunta. Maneno niliyoyasikia ni haya:

Kwa majirani aziba, kwake maji yamwagika,
Ndoo ya tatu yashiba, mwenye kazi hajafika.

Mwenye kazi ni mimi. Baada ya kusema hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kosa ni lenu. Fomu yenu inataka kila rekodi itumwe kwa namba bila jina, ili wapiga kura wasimpendelee mtu. Mpango mzuri. Lakini nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba mwimbaji ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, na mkapokea sauti ya bibi wa miaka sabini anayesugua sufuria. Watu sita mliowapa kazi ya kulinganisha fomu na rekodi hawakujiuliza kitu. Au labda walijiuliza, wakadhani fundi bomba ndivyo anavyosikika.

2. Mliihamisha rekodi bila kunishauri. Mimi niliomba kundi la Wimbo wa Mapenzi. Kamati ikaona wimbo unahusu matatizo ya jamii, ikaupeleka Wimbo wa Mwaka, na kuupendekeza pia katika Ubunifu wa Ala kwa ajili ya lile bomba. Mwanakamati wenu mmoja alinipigia simu kuuliza ile ngoma ya tone tone nimeitengeneza vipi. Wakati huo sikujua anazungumzia nini, nikamjibu kwa fahari kwamba kila kinachosikika mle kimetokana na mikono yangu. Sasa nimeelewa kwamba nilimwambia ukweli mtupu, kwani bomba lile nililifunga mwenyewe.

3. Kura. Katika duru ya kwanza namba 0317 imepata kura 412 na kuongoza. Nimelifikiria sana jambo hili na nimeona kura hizo ni zangu. Mpiga kura hakumpigia mama mkwe, kwa sababu hakuna mahali jina lake lilipoandikwa. Alipigia namba 0317. Namba 0317 nilipewa mimi. Nyumba ikivunjwa, kiwanja kinabaki cha mwenyewe, na anajenga nyingine apendavyo. Kwa hiyo naomba muiondoe ile rekodi, muweke "Dirisha la Tatu" mahali pake, na zile kura 412 zibaki pale pale zilipo, zisisumbuliwe.

4. Kazi yangu inaharibika, kwani namba yangu nilikwisha kuitangaza mtaa mzima. Wateja watatu wameniuliza kwanza kama kwangu maji hayamwagiki, ndipo wakaniruhusu kuingia bafuni kwao. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mtu mstaarabu ambaye nimemhudumia miaka sita, alinipokea mlangoni na ndoo tatu alizozipanga kwa mstari, akisema ni maandalizi tu.

5. Bomba lenyewe sasa haliwezi kutengenezwa. Naomba hili lieleweke vizuri, maana nyumbani halieleweki. Kanuni yenu ya kumi na mbili inasema kila aliyeingia fainali ahifadhi ala zake katika hali ile ile mpaka siku ya kukabidhi tuzo. Mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Kila nikitaka kuchukua spana, nafsi inanisuta. Mke wangu anasema nafsi hiyo imekuwa ikinisuta tangu kabla tuzo zenu hazijaanzishwa, lakini yeye hajasoma kanuni.

6. Amani ya nyumba. Nilipotangaza kwamba nimeingia fainali, nilikuwa bado sijajua ukweli. Niliwaita majirani, nikasimama sebuleni, nikatoa hotuba ya dakika ishirini kuhusu jasho la msanii. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha pembeni akapiga makofi kuliko wote. Siku tatu baadaye ukweli ukapatikana dukani. Nikamweleza mke wangu, nikamweleza na mpango wangu wa kukaa kimya hadi nikabidhiwe tuzo. Akaniuliza, "Kwa hiyo utapanda jukwaani na suti, baba watoto, halafu utaimba kwa sauti ya mama?" Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia wewe.

Mama mkwe naye kaambiwa na mwanawe. Nilidhani atataka haki yake na nikajiandaa kwa maneno. Hakutaka chochote. Alisema tu, "Mimi nilikuwa naosha masufuria, baba. Mashindano ni yenu." Akarudi jikoni. Ndugu Katibu, mtu akikudai unaweza kubishana naye, lakini huyu hakudai.

7. Na hili ndilo linaloniuma, naomba unisamehe kama nitaacha lugha ya kiofisi. Miaka ishirini nimeimba "Dirisha la Tatu". Nimeimba harusini kwa watu, nimeimba chini ya masinki, nimeimba nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Hakuna aliyewahi kuniambia rudia. Mke wangu mwenyewe, ambaye wimbo unamhusu, hulala kwenye ubeti wa pili. Sasa mwanamke ambaye hajawahi kushika kipaza sauti, ambaye hakujua kwamba anarekodiwa, anapata watu 412 kwa kulalamika juu ya maji. Sina kinyongo naye. Nataka tu nijue kama kuna hata mtu mmoja, mahali popote, aliyewahi kuusikiliza wimbo wangu hadi mwisho.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo. Redio zote zisimamishe namba 0317 mara moja. Wapiga kura wote 412 waitwe kwenye ukumbi, milango ifungwe, wasikilizishwe "Dirisha la Tatu" katika matoleo yote tisa, na asiruhusiwe kutoka mtu mpaka athibitishe kwamba kura yake ilikuwa ya wimbo huu tangu mwanzo. Kanuni za mwakani zipige marufuku mama mkwe yeyote kuimba ndani ya hatua kumi kutoka kwenye simu ya mkwewe. Na mwisho, ofisi yako imwandikie mama mkwe barua rasmi, yenye mhuri, kumwomba asiimbe tena jikoni. Mimi siwezi kumwambia. Kuna mambo ambayo mkwe hamwambii mama mkwe, na hili ni la kwanza.

Usipotekeleza ndani ya siku saba, nitalazimika kujitoa kwenye tuzo zenu mimi, namba yangu na bomba langu.

Nisalimie wanakamati wote, hata wale sita. Msalimie na yule dada wa mapokezi aliyenisomea matokeo kwenye simu kwa furaha kana kwamba kashinda yeye, na mlinzi wa getini kwenu, ambaye tanki lake la maji nitapita kuliangalia siku ya kuleta barua hii.

Wako mtiifu na mwenye kuonewa,
Fundi Bomba,
mwenye rekodi namba 0317

Tanbihi: Fomu yenu ya malalamiko, ukurasa wa mwisho, inamtaka mlalamikaji athibitishe kwa sahihi kwamba ameisikiliza rekodi yote. Mimi ni mtu wa kufuata kanuni, kwa hiyo leo asubuhi nimekaa stoo, nimeziba mlango, nimeisikiliza.

Kumbe ule wimbo wa ndoo ni dakika moja tu na kidogo. Ukiisha, sufuria inawekwa chini, halafu mama mkwe anaanza kuimba "Dirisha la Tatu". Polepole, kama mtu anayejiimbia mwenyewe. Beti zote, bila kukosea. Anaimba na ubeti wa nne.

Ndugu Katibu, ubeti wa nne hauko kwenye toleo lolote kati ya yale tisa. Mimi mwenyewe niliusahau zamani, na karatasi yake ilipotea tulipohama. Niliuimba mara moja tu maishani, nikiwa nimesimama nje ya nyumba yake, siku aliyonifungia mlango na kuniambia kwamba binti yake haolewi na mtu anayenuka mtaro. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango, anasikiliza.

Naomba uchane kurasa zote zilizotangulia. Rekodi ibaki kama ilivyo, redio ziendelee. Ninaambatanisha fomu ya kurekebisha majina: mtunzi mimi na yeye, mwimbaji yeye. Yeye bado hajui kama nimesikia, na sijui nitaanzia wapi kumwambia, kwa hiyo barua yenye mhuri ipo pale pale, ila iwe ya kumwalika jukwaani.

Nina swali moja tu, na naomba jibu kabla ya Ijumaa. Najua kanuni inakataza mtu kujipigia kura mwenyewe. Je, kumpigia mama mkwe inaruhusiwa?