Jengo Lisiloitikia Hodi

Jumatano, 5 Agosti
Mjukuu wangu Serwaa anatua Jumamosi na kitukuu ambaye sijamshika hata kidole. Kwetu, atakayempa mama wa mtoto maji ya kumpokea ndiye atakayembeba mtoto mgongoni kwanza. Ni mimi! Tatizo ni Maame Dufie, mama mkwe wa Serwaa. Ana gari, ana ulimi. Nimemwambia ndege inafika Jumapili. Mungu atanisamehe, anajua utamu wa mtoto.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimekwenda kulikagua jengo la ndege. Jamani! Paa limetanda kama mbingu ya pili. Soko lote la Makola lingeingia, na nafasi ya kugombana ikabaki. Ukuta mzima ni kioo. Nani anauosha, na kwa ngazi gani?
Mlango ukafunguka wenyewe. Nikapiga hodi: Agoo! Hakuna aliyeitikia amee, karibu. Siingii nyumba ya watu kama mwizi. Ukajifunga. Nikasogea, ukafunguka. Agoo! Nyuma yangu watu wameshajaa, wananuna. Mlinzi akasema, Nana, ingia tu, mlango huu hauna mwenyewe. Nikamwambia nyumba isiyoitikia hodi ni kaburi, na wewe umewekwa hapo kama pambo? Akaitikia. Nikaingia.
Nimejichagulia nguzo ya kumsubiria Serwaa ghorofa ya juu, nene kama mti wa msituni, penye masanduku mengi. Maandishi ya ukutani ni Kiingereza. Mimi kanisani nilifundishwa kusoma Kitwi tu.

Jumamosi, 8 Agosti
Nguzoni tangu asubuhi, maji mkononi, kitambaa cha kubebea begani. Watu wanaingia na masanduku. Hatoki mtu! Nikamuuliza mama anayefagia. Akasema, Maa, hapa ni pa kuondokea, wanaofika wanatokea chini.
Chini! Nikakimbia. Ngazi ile inayotembea inapanda, mimi nashuka. Tukashindana. Ikashinda.
Nilipofika, Dufie ameshambeba kitukuu wangu, anatikisa nyonga. Akaniambia, Nana Yeboaa, uliposema Jumapili tu, nikajua ni Jumamosi. Nyoka!
Serwaa alicheka mpaka machozi, akanikumbatia, akayanywa maji yangu yote. Mtoto nilipewa mwishoni. Akanikojolea. Baraka tupu! Lakini wa pili ni wa pili.

Jumapili, 9 Agosti
Serwaa anarudi Ulaya mwezi ujao. Wa mwisho kumshika mtoto lazima niwe mimi. Dufie nimeshamdanganya siku. Na juu hawanipati tena, nimeerevuka! Nitawasubiri kule chini.